Taa Wahifadhiwe, Nondo Ziangamizwe

Nchi ya Shwari haiko mbali. Ukisimama hapo ulipo ukafumba mdomo, umeshafika. Ni nchi yenye amani kubwa. Amani yenyewe inalindwa kwa vifaru, na asiyeitaka hupigwa mpaka aipende. Zama hizo ilitawaliwa na Mtukufu Mlezi wa Taifa, Jemadari Kongoro, ambaye watoto wa shule walimwimbia kila asubuhi kabla ya uji, na siku ambazo uji haukuwapo walimwimbia mara mbili.

Katika nchi hiyo aliishi Dakta Kidawa Mnyampala, mwalimu wa elimu ya viumbe katika chuo kikuu, mama wa makamo, mpenda pilipili, mwenye sauti ya chini. Angeweza kuzeeka kwa utulivu na samaki wake wa kwenye chupa, lakini wiki ya sherehe za Uhuru yalizuka mambo mawili.

La kwanza, Makamu wa Mtukufu alikwenda pwani kuoga. Akiwa majini alimkanyaga taa, na taa, kama ilivyo desturi yake anapokanyagwa, akarusha mkia na kumchoma mwiba wa paja. Mshipa ukapasuka, Makamu akafa kabla hajafikishwa mchangani. Taarifa iliyofika Ikulu ilikuwa fupi: "Makamu ameuawa na taa." Polisi wakamkamata fundi umeme wa hoteli iliyo karibu, wakamning'iniza kwa miguu mpaka akakiri kwamba taa ile aliifunga yeye, na kwamba alitumwa na nchi jirani. Ilipobainika kuwa taa mwenyewe ni samaki, fundi alikuwa ameshakufa. Serikali haikuwa na kinyongo naye. Mjane wake alipewa bendera.

Mtukufu alimlilia Makamu hadharani. Faraghani akaagiza ng'ombe achinjwe, maana Makamu alikuwa ameanza kukikalia kile kiti kikubwa kila alipodhani hakuna anayemwona.

La pili lilitokea uwanjani, siku ya Uhuru yenyewe. Mtukufu alivaa suruali yake nyeupe ya sufu, inayotoka sandukuni mara moja kwa mwaka. Akainua mguu kukagua gwaride. Suruali ikaachia kwa nyuma, ikafunguka kama pazia. Nondo walikuwa wameila mwaka mzima bila kelele. Uwanja mzima ukanyamaza. Mpiga tarumbeta mmoja, maskini, kicheko kilimponyoka akiwa na tarumbeta mdomoni, kikatoka kikubwa na chenye muziki wake. Akapigwa risasi palepale, na bendi ikaamriwa iendelee bila tarumbeta.

Jioni ile Mtukufu alikaa akatafakari. "Taa kanipigania," akasema. "Nondo kanivua nguo mbele ya mabalozi. Sasa nataka sayansi iwalinganishe hawa wawili, iseme kila mmoja ni nani, yuko kundi gani, na anastahili kuishi au kufa."

Ndipo askari walipofika kwa Dakta Kidawa. Alikuwa anakula chakula cha mchana na mumewe, Lwanda, fundi mkuu wa ujenzi, mtu mrefu mwenye vumbi la saruji lisilotoka kwenye nyusi hata siku ya Idi. Mlango ulikuwa wazi. Askari wa kwanza aliingia, akaona hivyo, akatoka nje, akaufunga, kisha akauvunja kwa teke.

"Dakta wa wadudu ni nani hapa?"

"Ni mke wangu, wa wadudu na wengineo," alijibu Lwanda. "Karibuni ugali, wanangu."

Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni. "Sisi hatuhongwi!"

Lwanda akatema jino kwenye kiganja, akalitazama. "Nenda, mama," akamwambia mkewe taratibu. "Ukibisha watakula na ugali wenyewe."

* * *

Waziri wa Uainishaji na Hifadhi aliitwa Mheshimiwa Profesa Tunguja. Uprofesa alipewa na Mtukufu kama zawadi ya harusi. Alimpokea Dakta Kidawa katika ofisi yenye zulia zito, na juu ya zulia kulikuwa na alama ya damu iliyofunikwa kwa kiti.

"Dakta, tuambie. Taa ni nani?"

"Taa ni samaki, Mheshimiwa. Lakini hana mifupa migumu kama changu au kibua. Mwili wake umeshikwa na gegedu, kama hii ya sikioni. Ni ndugu wa papa."

"Ndugu wa papa!" Waziri alifurahi. "Mtukufu atapenda. Na nondo?"

"Nondo ni mdudu. Ana miguu sita na mabawa yenye magamba madogo kama unga. Ni ndugu wa kipepeo."

"Kipepeo! Kitu cha kupeperuka! Nilijua. Na hawa wawili wanakutana wapi?"

Dakta Kidawa alijua sayansi imekaribia ukingo wa shimo. "Wanakutana mbali sana, Mheshimiwa. Wote wamo katika himaya ya wanyama."

Kanali aliyesimama nyuma akachomoa bastola. "Himaya? Hii ni jamhuri! Mfalme wao nani?"

"Hakuna mfalme, afande. Ni neno tu la wataalamu."

"Kuna himaya isiyo na mfalme?"

"Kanali, weka chuma," alisema Waziri. "Dakta, kwa hiyo unasema taa na nondo ni ndugu?"

"Wa mbali mno, Mheshimiwa. Ni mamia ya mamilioni ya miaka tangu waachane."

"Hata wangeachana jana, hilo tutalifuta. Tuendelee. Hali zao za uhifadhi?"

Hapo Dakta alizungumza kwa uchungu kidogo, maana jambo hilo lilimgusa. Aina nyingi za taa ziko hatarini kutoweka, akasema. Wanazaa watoto wachache, wanachelewa kukomaa, na nyavu haziwaachi. Nondo ni wa aina nyingi sana, na walio wengi kati yao hakuna mtu aliyewahi hata kuwatathmini. Tena nondo aliyekomaa hali nguo kabisa. Wanaokula ni watoto wake, wale viwavi.

"Basi na watoto wamo," Waziri alimwambia karani. Kisha akamgeukia Dakta. "Andika tangazo. Maneno machache, Mtukufu hasomi marefu."

Dakta Kidawa akaandika: *Kila kiumbe kilichothibitishwa na sayansi kuwa hatarini kutoweka kitiwe hifadhini. Taa wahifadhiwe. Nondo waharibifu wa nguo wadhibitiwe.* Alijisifu moyoni. Aliona amewaokoa taa, na nondo hakuwadhuru sana.

Waziri akachukua kalamu nyekundu. Baada ya "kitiwe hifadhini" akaongeza "mara moja, hata kikigoma." Akafuta "waharibifu wa nguo," akisema nguo za Mtukufu ni siri ya taifa. Akafuta "wadhibitiwe," akaandika "waangamizwe popote." Kisha akatulia, akakunja uso.

"Wa-angamizwe," alisoma. "Wa. Adui wa Mtukufu unampa *wa*? Kama mimi? Kama mama yangu?"

"Ni sarufi, Mheshimiwa. Nondo ana uhai, kwa hiyo..."

"Alikuwa nao!" Waziri akakata ile *wa* kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika, akaandika *zi*. "Ziangamizwe. Tumemnyang'anya ngeli kwanza. Uhai utafuata."

Dakta Kidawa alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba herufi ile italigeuza jambo. Lakini Kanali bado hakuwa ameirudisha bastola mahali pake, na yeye alikumbuka jino la mumewe kiganjani. Akaufunga. Wakamrudisha kwake wakiwa wameridhika, na njiani dereva alimpa ofa ya soda.

* * *

Tangazo lilisomwa redioni kesho yake, katikati ya taarifa ya habari na nyimbo za Mtukufu. Dakta Kidawa alikuwa chuoni anasahihisha mitihani. Aliposikia mtangazaji akitamka kwa sauti nzito, "Taa wahifadhiwe! Nondo ziangamizwe popote!" aliinua kichwa. Masikioni mwake hakusikia mdudu. Alisikia chuma. Alisikia nondo zile ndefu zenye mikunjo, ambazo Lwanda alikuwa akizifunga kwa waya ndani ya nguzo za shule mpya ya Mikunguni, ghorofa tatu, na darasa la chini lilikuwa limeshaanza kutumiwa na watoto kwa sababu la zamani lilichukuliwa na maji.

Akaacha mitihani ikapeperuka. Akakimbia.

Mikunguni jeshi lilikuwa chini ya Kamanda Ngwamba. Kabla hajawa mwanajeshi Ngwamba alikuwa mwalimu wa sarufi, akafukuzwa kazi kwa kumvunja mtoto mkono kwa kosa la upatanisho wa ngeli. Jeshini walimthamini zaidi. Alitii maneno kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na Mtukufu aliwahi kumsifu kuwa ndiye askari pekee asiyefikiri.

Dakta Kidawa alipofika, askari walikuwa wamejaa kwenye jengo na sururu, nyundo na mikasi mikubwa ya kukatia chuma. Rundo la nondo lilikuwa limeshapondwapondwa na kifaru. Vibarua walikuwa wamelazwa kifudifudi kwenye kokoto, na wawili hawakuwa wakitikisika. Lwanda alikuwa amesimama mbele ya nguzo ya kona akiwa amenyoosha mikono kama mtu anayezuia kuku.

"Afande, nakuomba! Nondo iliyotajwa ni mdudu! Anayekula nguo!"

"Mdudu?" Ngwamba alitabasamu kwa huruma ya mwalimu. "Angekuwa mdudu, tangazo lingesema waangamizwe. Limesema ziangamizwe. Unataka kunifundisha Kiswahili?"

"Ukizitoa za ndani ya nguzo, nyumba itashuka! Kuna watoto chini!"

"Tangazo limesema *popote*. Ndani ya nguzo ni popote au si popote?"

Dakta Kidawa alipenya katikati ya askari. "Kamanda! Tangazo nimeliandika mimi! Ni mdudu! Herufi ilibadilishwa!"

Ngwamba akamtazama kwa makini. "Wewe ndiye uliyeandika *ziangamizwe*?"

"Niliandika *wa*."

"Basi uliandika kitu kingine, na redio imesoma kitu kingine. Mimi naitii redio." Akaamuru ashikwe.

Lwanda hakungoja tena. Aligeuka, akaingia mbio darasa la chini, na sauti yake ilisikika ikipaza, "Tokeni! Tokeni! Acheni madaftari!" Watoto wakamiminika kama siafu waliomwagiwa maji, wengine kwa mlangoni, wengine madirishani. Juu yao nyundo ziliendelea kupiga, kwa sababu hakuna aliyewaamuru askari waache. Nguzo ya kona ikapasuliwa, chuma kikang'olewa kikilia kama mbuzi, na Ngwamba akapiga makofi.

Jengo halikuanguka kwa ghafla. Lilikaa kidogo, kama mzee anayetafuta mahali pa kuketi. Kisha zege la juu likashuka juu ya la kati, na la kati likashuka juu ya la chini, likawameza askari waliokuwa juu yake, na vumbi likameza yote.

Vumbi lilipotulia Dakta Kidawa alikuwa magotini, askari aliyemshika ameshakimbia. Watoto wengi walikuwa nje, weupe kwa vumbi, wanakohoa. Si wote. Alifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, na vibarua walioweza kusimama wakafukua pamoja naye. Lwanda walimkuta karibu na mlango. Zege lilikuwa limemkata kiunoni. Chini ya kifua chake kulikuwa na msichana mdogo aliye hai, mdomo umejaa mchanga, akiwa ameshika pindo la shati la yule fundi kwa nguvu hata ikabidi shati likatwe.

Nyuma yao Kamanda Ngwamba alikuwa akitoa taarifa kwa simu ya upepo: "Nondo zote zimeangamizwe... samahani, zimeangamizwa. Over."

* * *

Wizara haikuchelewa kutoa pole. Ilitangaza kwamba waliokufa Mikunguni wameainishwa kisayansi kuwa vifusi, na kwamba vifusi havizikwi, huzolewa. Dakta Kidawa alimzika Lwanda wake alfajiri, kabla lori halijapita. Hakulia mbele za watu. Aliyemuuliza anaendeleaje alimjibu, "Niko," basi.

Kisha ukaja mwaliko. Mtukufu anafungua Hifadhi ya Taifa ya Taa, bwawa kubwa la maji ya bahari lililozungushiwa ukuta pwani, na siku hiyohiyo atamvisha Kamanda Ngwamba nishani ya ushindi dhidi ya nondo. Mtaalamu aliyewalinganisha viumbe hao anatakiwa kutoa hotuba ya sayansi. Chini ya mwaliko kulikuwa na mwandiko wa Waziri: *Usipokuja, nasi tutakuja.*

Alikwenda. Alivaa kanga nyeusi. Bwawani taa walikuwa wakipita taratibu juu ya mchanga, wapana, wa kijivu, mikia ikiwafuata. Kikosi cha Ngwamba kilijipanga upande mmoja na walinzi wa Ikulu upande wa pili. Mtukufu alivaa suruali ya turubai, maana sufu ilikuwa imepigwa marufuku.

Dakta Kidawa alisoma hotuba aliyoandikiwa mpaka ukurasa wa mwisho. Watu wakapiga makofi kwa amri. Ndipo Mtukufu, akiwa amefurahi na ameshiba, akainama kwenye kipaza sauti chake.

"Dakta, umeainisha kila kitu. Taa, nondo, vifusi. Na mimi je? Sayansi inasemaje juu yangu?"

Waziri Tunguja aliwahi kudakia. "Mtukufu, wewe huainishiki..."

"Kimya! Nimemuuliza msomi. Hebu, mama, mtu kama mimi yuko mwingine?"

Dakta Kidawa alimtazama. Kisha akageuza macho, hakumtazama tena Mtukufu bali Kamanda Ngwamba, aliyesimama wima, kifua mbele, akingoja nishani, masikio yake yakiwa wazi kwa kila silabi. Na redio ya taifa ilikuwa hewani.

"Hakuna, Mtukufu," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Nimepekua vitabu vyote. Wewe ni kiumbe cha pekee, umebaki mmoja tu duniani. Kwa kanuni za sayansi, natangaza na kuthibitisha kwamba Mtukufu Jemadari Kongoro ni kiumbe kilicho hatarini kutoweka."

Mtukufu aliangua kicheko cha furaha. "Mnasikia? Mmoja tu! Duniani!" Akapiga makofi, watu wakapiga makofi.

Kamanda Ngwamba hakupiga. Midomo yake ilikuwa ikisogea kama mwanafunzi anayekumbuka kanuni. *Kila kiumbe kilichothibitishwa na sayansi kuwa hatarini kutoweka kitiwe hifadhini mara moja, hata kikigoma.* Akapiga hatua mbele, akapiga saluti kwa heshima zote, akamshika Mtukufu kola.

"Unafanya nini, mbwa wewe?"

"Kimegoma," Ngwamba aliwaambia askari wake. "Kitieni."

Walinzi wa Ikulu wakafyatua, kikosi cha Ngwamba kikafyatua, na kwa muda uwanja ule ukawa kama sufuria ya bisi. Mabalozi walitambaa chini ya meza ya keki. Kanali alianguka na bastola yake, safari hii akiwa hajawahi kuichomoa. Waziri Tunguja alinyoosha mikono juu, akapaza sauti, "Kamanda, ngoja! Mtukufu ni *yu*, si *ki*! Ni mtu! Sarufi!"

"Kiumbe ni *ki-vi*," alisema Ngwamba, "na aliyeandika ni wizara yako." Akampiga risasi ya mdomo.

Dakta Kidawa alilala chini nyuma ya jukwaa, shavu limegusa mchanga. Damu ya mtu asiyemjua ilimtiririkia mkononi, ya moto. Alidhani angefurahi. Aliona watumishi waliokuja kupakua soda wamelala juu ya kreti zao, akajua nao hawatazikwa, watazolewa. Alipoinua kichwa, alimwona Mtukufu akitupwa bwawani na suruali yake ya turubai.

* * *

Leo Shwari inaongozwa na Mtukufu Mlezi wa Sarufi, Jemadari Ngwamba. Watoto wanamwimbia, na anayekosea upatanisho hapati uji, akikosea tena hapati mkono. Kila wiki redio inasoma tangazo jipya, na watu wamejifunza kusikiliza viambishi kama swala anavyosikiliza majani.

Dakta Kidawa amefanywa Mkuu wa Hifadhi. Hakuomba. Kazi yake ni kuwalisha taa na kumlisha Mtukufu wa zamani, anayeishi juu ya jiwe lililo katikati ya bwawa. Akitaka kuufikia mkate inambidi ashuke majini, aburute miguu mchangani taratibu ili asimkanyage taa. Miguu yake imejaa makovu. Watu hulipa kiingilio kumtazama, na waliofiwa huingia bure na mawe mfukoni.

Mchana mmoja bwawa lilipokuwa halina wageni, Mtukufu wa zamani alimwita.

"Dakta. Mama yangu. Nimekondeana. Andika cheti kingine. Andika kwamba siko hatarini."

Dakta Kidawa aliweka ndoo chini. Upande wa mjini milio ya risasi ilisikika, mmoja mmoja, bila haraka. Kulikuwa na tangazo jipya asubuhi ile, na lilikuwa na *zi* mbili.

"Ukweli wa sayansi nikwambie?" alisema. "Siku ile nilidanganya. Wewe huko hatarini hata kidogo. Aina yako ndiyo iliyoenea kuliko zote, inazaliana kila mahali, na ukitolewa mmoja anaingia mwingine kabla kiti hakijapoa."

Uso wa Mtukufu uling'aa. "Basi liandike hilo! Hilohilo!"

"Naweza kuliandika. Nitalipeleka leo. Lakini ujue sheria za Shwari kwa mdudu aliyezidi wingi. Hatiwi hifadhini." Akamnyooshea kalamu juu ya ukuta. "Niandike?"

Mtukufu aliitazama kalamu. Chini yake taa mmoja alipita, akageuka, akapita tena. Kule mjini mlio mwingine ukasikika, na baada yake sauti ya mwanamke.

Akakunja miguu yake juu ya jiwe, akaomba mkate.